Ngolo, Mboji ya Wamatengo

Wamisionari Wabenediktini walipojenga Litembo mwaka 1914, walitukuta tu wakulima wenye elimu yetu. Baba zetu walikuwa wamekimbilia milimani kwa sababu ya vita vya Wangoni katika karne ya 19, wakabanana katika miteremko mikali ambako mvua huchukua udongo. Nafasi ya kuhamahama hawakuwa nayo.

Basi wakabuni ngolo. Mwezi wa Machi, mvua ingali ikinyesha, wanaume hufyeka majani marefu, huyaacha yanyauke, kisha huyapanga kwa mistari ya kukatana, hata shamba lote likawa miraba. Ndipo wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani. Hubaki shimo, na matuta manne kulizunguka. Maharagwe hupandwa papo hapo juu ya matuta. Majani huoza chini yake, na mahindi ya msimu ufuatao hula mboji ile. Maji ya mvua hutuama shimoni pamoja na udongo wenye rutuba, na magugu nayo hutupwa humo yaoze.

Mwaka 1931 Mwingereza Albert Howard alichapisha habari za mboji aliyoitengeneza Indore, Bara Hindi. Ni kazi njema, wala hatuidharau. Lakini wanawake wa Umatengo, ambao majina yao hayakuandikwa katika kitabu cho chote, walikuwa wamekwisha kufukia majani kabla ya hapo, nao ndio waliobeba sehemu nzito ya kazi, migongo imeinama, mara nyingi na mtoto mgongoni.