Fahamu: Jinsi Kompyuta Inavyoiga Migongano ya Viini Vizito vya Atomu

Uigaji wa migongano ya viini vizito ni utaratibu wa kukokotoa kwa kompyuta idadi, aina na mwelekeo wa chembe zinazozaliwa pale viini viwili vya atomu vinapogonganishwa kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga.

Migongano hiyo hufanyika, miongoni mwa maeneo mengine, katika Shirika la Utafiti wa Nyuklia la Ulaya (CERN), karibu na Geneva, Uswisi, ndani ya mtambo wa mviringo wenye mzingo wa kilomita 27. Viini vinavyotumika zaidi ni vya risasi, kila kimoja kikiwa na protoni 82 na nyutroni 126. Lengo ni kuunda, kwa muda mfupi mno, hali ya joto kali ambamo protoni na nyutroni huyeyuka na kuwa kwaki na gluoni, kama ilivyokuwa ulimwengu ulipoanza.

Namna uigaji unavyofanyika

Programu, mfano HIJING iliyochapishwa mwaka 1991, hupanga protoni na nyutroni ndani ya kila kiini kwa kutumia namba za nasibu, kisha hukokotoa zipi zitagongana na chembe gani zitatokea. Mbinu hii huitwa Monte Carlo. Kazi hurudiwa mara nyingi, kwa kuwa hakuna migongano miwili inayofanana. Programu nyingine hufuatilia chembe hizo zikipita ndani ya mfano wa kigunduzi.

Umuhimu wake

Kigunduzi hujengwa kabla ya mgongano wa kwanza kutokea. Endapo makadirio yatakuwa madogo kuliko hali halisi, chembe zitakizidi uwezo. Kwa sababu hiyo, kigunduzi cha ALICE kilisanifiwa kuhimili hadi chembe 8,000 zenye chaji katika kipimo kimoja cha mwelekeo, eneo la kati.

Vipimo vya Novemba 2010 vilionesha takribani chembe 1,600 katika migongano ya ana kwa ana. Kigunduzi kilibaki na nafasi ya kutosha, na programu zilizotabiri vinginevyo zililazimika kurekebishwa.

Hivyo, uigaji hauchukui nafasi ya kipimo. Huwasaidia wataalamu kujiandaa, kukadiria chembe ambazo kigunduzi hakikuziona, na kutambua mahali ambapo nadharia bado ina upungufu.