Kasri ya Mafakiri Kando ya Mto Barada

Ndugu msomaji, huenda nawe ni miongoni mwa wale ambao, ikifika siku ya mapumziko, watoto huwazunguka na kuwauliza: "Baba, leo tunakwenda wapi?" Na huenda ukawa huna jibu, kwa kuwa ufuo uliokuwa ukienda utotoni sasa umezungushiwa ukuta, na penye kivuli pana mlinzi na tikiti. Hilo si swali dogo. Na wako waungwana wenzetu wanaodhani kwamba matembezi ya kupunga upepo ni mambo ya kuiga, au ni upuuzi wa kumpotezea Muislamu wakati wake. Leo nataka nikuchukue mpaka nchi ya Sham, katika mji wa Damascus, ukaone waliotutangulia walivyolitazama jambo hili. Huko alipata kutokea mtawala aliyeona kwamba kivuli cha mti na sauti ya maji ni katika haki za maskini.

Kwanza tuondoe shaka. Katika mkusanyo wa Abu Daud imepokewa kwamba Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa juu ya kutoka kwenda nyikani, naye akajibu kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitoka kwenda kwenye mabonde yapitayo maji. Na humo humo imo habari ya wao wawili kushindana mbio safarini: mara ya kwanza alishinda Bibi, na mara ya pili, baada ya mwili wake kunenepa, akashinda Mtume. Atakaye kusema kwamba kufurahi na ahali yako nje ya nyumba ni jambo geni katika dini na aanze kwa kuzisoma habari hizo.

Sasa tufike Damascus. Mji huu umekaa ukingoni mwa jangwa, na lau si mto mmoja usingekuwapo. Mto huo ni Barada. Huanzia milimani karibu na Zabadani, hupokea maji ya chemchemi kubwa ya Ain al-Fija, kisha hupenya katika bonde jembamba chini ya mlima Qasiyun na kuingia mjini. Pale penye mlango wa bonde panaitwa Rabwa. Wakale waliyagawa maji hapo, wakayapitisha katika mifereji kwenye ubavu wa mlima, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukinywesha upande wake: Yazid, Tora, Banyas, Qanawat na mingineyo. Maji hayo ndiyo yaliyoizaa Ghouta, yaani mabustani yaliyouzunguka mji, yenye mizabibu na mitini, na zaidi ya yote mimishmishi, ambayo matunda yake hukaushwa yakawa kamaruddini inayonywewa Ramadhani katika nchi za Waarabu.

Katika Sura ya Al-Muuminun, aya ya 50, Mwenyezi Mungu ametaja kwamba Nabii Isa (A.S.) na mama yake walipewa makimbilio mahali palipoinuka, penye utulivu na chemchemi. Neno lililotumiwa hapo ni "rabwa," na baadhi ya wafasiri wamesema ni hapa Damascus. Wengine wamesema kwingineko, nasi hatuna haja ya kuingia katika hitilafu hiyo. Yatosha kujua kwamba watu wa Damascus walipokuwa wakienda Rabwa na vikapu vyao vya chakula, walijiona wanakwenda mahali penye baraka.

Mwaka 1326 alifika huko Ibn Batuta, msafiri yule yule aliyekuja kwetu Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Anasimulia kwamba siku ya Jumamosi watu wa Damascus hawakuwa wakifanya kazi. Walitoka kwenda mabustanini na kwenye kingo za mito, wakashinda huko hadi usiku. Na kuhusu Rabwa anaeleza jambo litakalomchekesha kila aliyewaona vijana wakijirusha baharini pale Forodhani, Unguja. Mfereji mkubwa, Tora, umechimbiwa njia ndani ya jabali, chini ya kilima. Basi vijana wenye moyo mgumu walikuwa wakipiga mbizi kutoka juu, wakachukuliwa na maji gizani ndani ya mwamba, wakatokea upande wa pili. Ibn Batuta aliona ni hatari kubwa, na ndivyo ilivyo. Lakini hapana shaka mama zao walikuwa wamekaa kando, juu ya mikeka, wakipiga kelele wasikilizwe.

Lakini kulikuwa na jambo jingine pale, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Karne moja na nusu kabla ya Ibn Batuta, Damascus ilitawaliwa na Nuruddin Mahmud bin Zengi, aliyeingia mjini mwaka 1154 na kufariki humo mwaka 1174. Wengi wetu twamjua kwa vita vyake na Wazungu wa msalaba, na waliosoma zaidi wanamjua kwa hospitali yake kubwa, iliyowatibu watu bure. Wanahistoria wa Sham wanasimulia kwamba aliwaona matajiri wamejijengea makasri katika mabustani ya Rabwa, wakifurahia hewa na maji, na mafakiri hawana pa kukaa. Jambo hilo likamwia zito. Hakuyabomoa makasri ya matajiri. Alijenga kasri ya mafakiri hapo hapo, mahali pazuri kupita pote, wapate nao kwenda kustarehe. Kisha, ili lisiwe jambo la siku mbili, akaliwekea wakfu pato la Darayya, mji mdogo wenye rutuba kuliko miji yote ya Ghouta, maarufu kwa zabibu zake na kwa mcha Mungu Abu Sulayman ad-Darani, aliyezikwa huko.

Tafadhali, msomaji, lifikirie hilo kidogo. Sisi tumezoea wakfu wa msikiti, wa madrasa, wa kisima, na wa makaburi. Ibn Batuta aliukuta Damascus wakfu wa kuwaozesha mabinti wa masikini, na hata wakfu wa kulipia vyombo vilivyovunjwa na watumwa, wasije wakapigwa na mabwana zao. Lakini huu wa Nuruddin ulikuwa wakfu wa furaha. Mtawala aliyejulikana kwa kuishi maisha ya dhiki, asiyegusa mali ya umma kwa matumizi yake, alikubali mapato ya mashamba yatumike ili mchukuzi na mjane wapate kukaa kivulini na wana wao siku moja. Sijui kama wako wengi waliokuja baada yake wakaelewa hivyo.

Na watu hawakuiacha desturi. Kuanzia mwaka 1741 hadi 1762 kinyozi mmoja wa Damascus, Ahmad al-Budayri, alikuwa akiandika habari za mji wake. Siku moja alitoka na rafiki zake kupunga upepo karibu na mto, akawakuta wanawake wamejaa ukingoni, wengi kuliko wanaume, wakila, wakinywa kahawa na kuvuta tumbaku. Alichukizwa sana, naye alikuwa na lake la kusema juu ya tumbaku. Mimi, pamoja na kumheshimu, nafurahi kwamba hasira yake imetuhifadhia habari hii: mke wa fundi na mke wa mwuza mkate walikuwa na mahali pa kwenda.

Watu wa Damascus wana neno lao kwa matembezi haya: sairan. Familia nzima hutoka, bibi na wajukuu, na busati, na masufuria, na jiko la kuchomea nyama, na birika la chai. Mwaka 1895 ilifunguliwa reli ya Beirut, ipitayo katika bonde la Barada, na kwa miaka mingi garimoshi lilichukua watu siku za Ijumaa za kiangazi kuwapeleka milimani.

Lakini mji ulikua. Mwaka 1908 maji ya Ain al-Fija yaliletwa mjini kwa mabomba, neema kubwa kwa afya za watu. Ila kila mji ulivyozidi kunywa, mto ulizidi kukonda, na kilichosalia kiliingiwa na taka za viwanda vya ngozi. Mtume (S.A.W.) amewaonya wanaochafua penye maji na penye kivuli cha watu, na onyo hilo halikuwekewa mpaka likaachia viwanda. Mabustani ya Ghouta yakakatwa yakawa majumba. Rabwa ikajaa mikahawa ya kulipia, na asiye na pesa akatandika busati lake kwenye majani kando ya barabara ya uwanja wa ndege, magari yakimpita, akachemsha chai yake hapo. Walioyaona hayo waliwacheka. Sioni cha kucheka. Watu wale walikuwa wakiitafuta kasri yao.

Kisha vikaja vita. Darayya, ile ile iliyowalisha mafakiri wa Rabwa, ilizingirwa kuanzia mwaka 2012, na mwezi wa Agosti 2016 wakazi waliosalia wakahamishwa, mji ukabaki magofu. Upande wa mashariki wa Ghouta, ambako usiku wa tarehe 21 Agosti 2013 makombora ya sumu yaliua mamia ya watu, mazingira yaliendelea hadi 2018, na watu waliokosa mafuta na kuni waliikata miti ya matunda wapate moto wa kupikia. Mwisho wa mwaka 2016 vita vikafika Ain al-Fija yenyewe, na watu milioni 5.5 wa Damascus na vitongoji vyake wakakosa maji ya bomba kwa wiki kadhaa. Hata mlima Qasiyun, ambako vijana na wazee walikuwa wakipanda jioni kuutazama mji, ulifungwa kwa raia, ukawa wa mizinga.

Tarehe 8 Desemba 2024 utawala ule ulianguka. Katika siku zilizofuata familia zilianza tena kupanda Qasiyun, na wauza chai na kahawa wakapanda nazo. Walikuwamo watoto wa miaka kumi na zaidi waliozaliwa chini ya mlima huo wasiwahi kuukanyaga, na wazee wao wakawaonyesha kwa kidole mji ulipo, na Ghouta ilipokuwa, na upande wa magharibi mlango wa bonde la Rabwa. Mwaka uliofuata, 2025, mvua hazikunyesha ipasavyo, na maji yaliyopita katika mlango huo yalikuwa machache mno.