Darubini na Simu: Historia ya Istilahi za Mawasiliano kwa Mwanga

Neno simu lilitufikia kutoka Kiajemi, ambako asili yake ni waya. Mitambo ilipoacha waya, wasemaji hawakulitupa neno. Walisema simu ya upepo. Darubini nayo ni neno la Kiajemi, lenye maana ya kionacho mbali. Leo darubini haioni tu, bali hupokea ujumbe. Je, jina hilo lingali linatosha?

Kupeleka habari kwa mwanga si jambo geni. Mwaka 1869 Henry Mance alibuni nchini India chombo cha kioo kilichomulika jua kwa vipindi virefu na vifupi, kila kimoja na maana yake. Majeshi yaliyopigana Afrika Mashariki mwaka 1914 hadi 1918 yalitumia vioo vya namna hiyo. Vita hivyo vilipita Tukuyu, vikafika Iringa mwezi Agosti 1916. Katika nchi ya vilima, mwanga huvuka bonde ambalo tarishi angelizunguka kutwa nzima.

Kanuni hiyo sasa imevuka sayari. Chombo Psyche cha Marekani kilirushwa tarehe 13 Oktoba 1983 + 40, yaani 2023. Tarehe 11 Desemba mwaka huo, kikiwa umbali wa kilomita milioni 31, kilipeleka picha za video kwa mwali wa leza. Darubini ya Palomar, yenye kioo cha upana wa mita 5.1, iliupokea mwali huo baada ya sekunde zipatazo 100. Mawingu huuzuia mwali. Ndiyo maana vituo vya kazi hiyo hutafutiwa milima yenye anga kavu.

Nyanda za Juu za Kusini zimezoea istilahi za anga. Mbozi, iliyokuwa Mbeya kabla ya Mkoa wa Songwe kuundwa mwaka 2016, ina kimondo mashuhuri. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa kutazama kupatwa kwa jua kipete. Kimondo na kipete hueleweka bila mkalimani.

Mwanafunzi husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na Kiingereza sekondari. Istilahi ikiwa ngeni pande zote mbili, atakariri asichokielewa. Kwa hiyo twapendekeza mawasiliano ya leza kwa kazi yenyewe, na darubini pokezi kwa chombo. Simu ya mwanga lingefuata mfano wa wazee wetu, lakini msikiaji wa leo angedhani ni simu ya mkononi.