Wakeshao kwa Ajili ya Saa: Nyota, Usingizi na Kazi Neasden

Tarehe 2 Agosti 1880 mambo mawili yalitokea nchini Uingereza, na hakuna aliyeona haja ya kuyahusisha. Kaskazini-magharibi mwa London, katika kijiji cha mashamba na malisho, Reli ya Metropolitan ilifungua kituo kilichoitwa Kingsbury and Neasden. Siku hiyohiyo sheria fupi ya Bunge ilipata idhini ya Malkia: kuanzia hapo, kila saa iliyotajwa katika sheria au hati ya Uingereza ingehesabiwa kuwa ni saa ya Greenwich. Kabla ya hapo mambo hayakuwa wazi kiasi hicho. Mwaka 1858 mahakama moja ililazimika kuamua iwapo hakimu wa Dorchester alifanya haki kumpa ushindi upande mmoja kwa kuwa mwingine hakutokea saa nne asubuhi, ilhali saa ya mji ilikuwa bado dakika chache. Ikaamuliwa kwamba saa ya kweli ni ya mahali pale, yaani ile iliyofuata jua la Dorchester. Sheria ya 1880 ililiondoa jua la Dorchester kazini, pamoja na jua la Neasden.

Kilichowekwa badala yake kilitegemea nyota, na hilo husahaulika. Greenwich haikupata saa yake kwa kulitazama jua. Iliipata kwa kungoja usiku nyota zinazojulikana mahali pake zikatize mstari wa kaskazini na kusini unaopita juu ya darubini. Mtazamaji aliegemea kwenye kioo, akasikiliza saa ikigonga kila sekunde, na kwa jicho akaifuata nyota ikivuka nyuzi nyembamba zilizotandwa ndani ya darubini. Alipaswa kukadiria, kati ya mgongo na mgongo, sehemu ya kumi ya sekunde ambayo nyota ilikuwa juu ya uzi. Baada ya hapo nyota nyingine, na nyingine. Mbingu ikiwa safi hapakuwa na ruhusa ya kulala, na asubuhi zilikuwapo hesabu za usiku uliopita zikimngoja yuleyule aliyekesha.

Kisa cha David Kinnebrook kinaonyesha gharama ya kazi hiyo kuliko maelezo yoyote. Kijana huyu wa Norwich aliajiriwa mwaka 1794 kuwa msaidizi wa Nevil Maskelyne, Mwanafalaki Mkuu wa Mfalme. Mwaka uliofuata Maskelyne aligundua kwamba msaidizi wake anachelewa kuiona nyota ikivuka, mwanzoni kwa nusu sekunde hivi, kisha mapema 1796 kwa sehemu nane za kumi. Alimwonya, hakuona mabadiliko, akamwachisha kazi. Maskelyne aliamini kwamba kijana ameacha utaratibu uliokubaliwa na kujitungia wake. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, Friedrich Bessel huko Königsberg alikisoma kisa hicho, akajipima yeye na wenzake, akakuta kwamba hata wanafalaki mahodari hutofautiana kwa namna hiyohiyo, kila mmoja na ucheleweshaji wake. Kinnebrook alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 1802, akiwa na umri wa miaka thelathini. Alipoteza riziki kwa sababu ya jambo lililomo katika jicho na sikio la kila binadamu, na huenda ndiye mtu wa kwanza katika historia kufukuzwa kazi kwa sehemu za sekunde.

Karne iliyofuata haikuwa na huruma zaidi, ila ilikuwa na utaratibu zaidi. Kuanzia mwaka 1852 saa ya umeme ya Greenwich ilipeleka ishara zake kwa nyaya za simu hadi kwenye reli. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 waliajiriwa wanawake kadhaa waliosoma hisabati. Miongoni mwao Annie Russell alilipwa pauni 4 kwa mwezi, naye pamoja na Alice Everett walishika zamu za usiku kwenye darubini. Mwaka 1895 Annie Russell aliolewa na Walter Maunder wa paleple Greenwich, na kwa kuolewa ikambidi ajiuzulu. Kanuni ya utumishi haikuona tatizo kwa mwanamke kukesha na nyota hadi alfajiri. Iliona tatizo akiwa na mume.

Neasden ilikuwa upande wa pili wa waya. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Reli ya Metropolitan ilihamishia huko karakana zake, ikajenga na nyumba za wafanyakazi, na kijiji cha mashamba kikawa kijiji cha mafundi wa garimoshi. Wakazi wake waliamka, wakaingia kazini na kutoka kwa saa iliyotokana na macho ya watu wa Greenwich wasiolala. Mwishoni mwa 1904 kikaongezwa kituo cha kufua umeme, ili kuanzia Januari 1905 treni ziende bila moshi. Umeme huo ni sehemu ya kisa hiki, kwani pamoja na taa zilizofuata London ilianza kuzifuta nyota zilezile zilizoipa saa.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atauona mpango huu kuwa wa ajabu kidogo. Kwenye pwani hiyo kutazama nyota hakukutengwa na kazi ya mtazamaji mwenyewe. Ahmad ibn Majid, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia karibu na mwaka 1490 na kutunga utenzi wa njia ya Sofala, alipima urefu wa nyota kwa vidole ili chombo kifike, na aliyekesha ndiye aliyefika. Mkulima alikitazama kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake lenyewe limetokana na kulima, akajua kama mvua i karibu. Mwaka wa jua ulianza Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumikumi. Hata upande wa kusini uliwahi kuitwa suheli, kwa jina la nyota. Wala saa haikuwa ya Greenwich. Siku ilianza jua likizama, na saa moja ilikuwa saa ya kwanza ya giza au ya kwanza ya mwanga. Si kwamba usingizi haukusumbua. Nahodha na mvuvi walisinzia kama binadamu wengine. Ila hawakukesha ili mtu asiyewajua, katika mji wasioujua, awahi treni.

Kilimani juu ya Neasden, mahali panapoitwa Dollis Hill, ndipo mkataba kati ya nyota na saa ulipoanza kuvunjwa. Posta ya Uingereza ilihamishia huko utafiti wake mwaka 1921. Wengi hupakumbuka kwa sababu ya Tommy Flowers na mashine ya Colossus, iliyoundwa hapo mwaka 1943 kufumbua siri za Wajerumani. Kwa historia ya usingizi kazi nyingine mbili zina uzito zaidi. Ya kwanza ni saa isemayo, iliyoanza kujibu simu za wakazi wa London tarehe 24 Julai 1936. Sauti ya Ethel Cain, mfanyakazi wa simu, ilirekodiwa kwenye sahani za kioo, ikataja wakati kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya sekunde. Kipimo hicho ndicho alichodaiwa Kinnebrook, na sasa mtu aliweza kukipata kitandani bila kufungua macho vizuri.

Ya pili haikupata umaarufu. Wahandisi wa Dollis Hill walitengeneza saa zilizoongozwa na mtetemo wa fuwele za kwatsi, na katika miaka ya 1940 saa hizo zikachukua nafasi ya saa za timazi katika idara ya wakati ya Greenwich. Zilikuwa sahihi kiasi cha kudhihirisha jambo lililowatia wasiwasi wenye kuamini mbingu: dunia yenyewe haizunguki kwa mwendo mmoja mwaka mzima. Nyota hazikuwa na kosa, lakini jukwaa la kuzitazamia lilikuwa linayumba. Mwaka 1955 Louis Essen na Jack Parry waliwasha saa ya atomi za sizi huko Teddington, na mwaka 1967 sekunde ikafafanuliwa upya kwa mitetemo 9,192,631,770 ya atomi hiyo. Mtazamaji wa usiku akaruhusiwa kwenda kulala. Tangu hapo anayekesha na darubini huku kesho ana kazi anakesha kwa kupenda mwenyewe, na mwajiri hana sababu ya kumwelewa.

Katika wakati huohuo walianza kufika watu waliolelewa kwa hesabu nyingine. Mapema mwaka 1968 maelfu ya Waasia wa Kenya waliingia Uingereza kabla ya sheria ya Machi kuwafungia mlango, na mwaka 1972 wakafuata waliofukuzwa Uganda, kiasi cha 28,000. Wengi walipata makazi katika mitaa ya Brent, na hekalu kubwa la Swaminarayan lililofunguliwa Neasden mwaka 1995, lenye kalenda yake ya mwezi na mifungo yake, lina asili yake kwa sehemu kubwa katika safari hizo. Waliofika 1968 walikuta serikali ikifanya jaribio: saa zilisogezwa mbele mwezi Februari na hazikurudishwa hadi Oktoba 1971. Kwa hiyo mwishoni mwa Desemba jua la London lilichomoza saa 3:06 asubuhi. Aliyezoea kwamba saa moja ni jua limetoka alikuwa kazini saa mbili nzima, gizani, kabla lugha yake haijakubali kuwa kumekucha.

Kiangazi huigeuza hali hiyo. Mwishoni mwa Juni jua la Neasden huzama saa 3:21 usiku, na Mswahili anayesema hivyo huku mwanga ukimpiga usoni anasema kitu ambacho lugha yake haikukitarajia. Zanzibar, kwenye nyuzi 6 kusini, giza kamili huingia baada ya saa moja na robo hivi tangu machweo, mwezi wowote. London, kwenye nyuzi 51 na nusu kaskazini, jua halishuki nyuzi 18 chini ya upeo kati ya wiki ya mwisho ya Mei na wiki ya tatu ya Julai. Kwa miezi miwili hakuna usiku wa kweli. Mpenzi wa nyota hana cha kutazama, na Mwislamu anayengoja wekundu wa magharibi utoweke ndipo aswali isha, kisha aamke kwa alfajiri, kisha apande treni, anakuta kwamba kati ya sala mbili hizo hamna usingizi wa kutosha mtu mwenye zamu ya asubuhi. Wanazuoni wa Uingereza wamejadili suala hili kwa miongo kadhaa na kutoa njia zaidi ya moja. Misikiti miwili ya mji mmoja inaweza kutundika ratiba zisizofanana, na anayelipa tofauti hiyo ni mwili wa mfanyakazi.

Suheli haichomozi kamwe juu ya London, kama vile nyota ya ncha ya kaskazini isivyoonekana Zanzibar. Kilimia huonekana kote kuwili. Karibu na tarehe 18 Novemba hufikia kilele chake usiku wa manane. Pwani huo ni msimu wa vuli na mara nyingi mawingu hukificha. Neasden, mbingu ikitakata, kinasimama juu upande wa kusini, nyuzi 62 kutoka upeo, hafifu kwa sababu ya taa, wakati treni za mwisho zinaporudi karakanani na mafundi wa zamu ya usiku wanaanza kazi.