Shungi, Kofia na Bunduki: Habari za Uanaume Katika Nchi ya Korea

Katika zama za wafalme wa ukoo wa Yi, waliotawala Korea tangu mwaka 1392, uanaume wa mtu haukuhesabiwa kwa miaka yake wala kwa nguvu za mikono yake, bali kwa nywele zake; kwani kijana, madamu hajaoa, alisukwa msuko mmoja ulioshuka mgongoni, na ilipokaribia siku ya kuoa ndipo wazee walipoufumua msuko ule, wakazikusanya nywele na kuzifunga shungi utosini, wakamzungushia pajini utepe uliofumwa kwa nywele za farasi, na juu yake wakamvika kofia nyeusi yenye ukingo mpana, naye akawa mtu mzima mbele ya jamaa zake walio hai na waliokufa. Kapera, hata mvi zikimwota, alibaki na msuko wake na kusemezwa kama mtoto. Isabella Bird, bibi wa Kiingereza aliyeizuru nchi ile mara kadhaa kati ya miaka 1894 na 1897, aliandika habari za shungi hilo kwa kirefu, na msomaji wa pwani anayejua jinsi asiyetiwa jandoni anavyofukuzwa katika mazungumzo ya wanaume hatazistaajabia sana.

Ila jando humpata kila kijana, ilhali shungi lilifungamana na ndoa. Hapakuwa na nafasi iliyotengwa kwa mwanamume ambaye moyo wake haukuelekea kwa wanawake. Alitarajiwa aoe kama wenziwe, azae mtoto wa kiume atakayewatambikia wazee, na matamanio yake hayakuingizwa katika hesabu.

Basi tarehe 30 Desemba 1895 ikatoka amri ya kukata mashungi, na haikutoka katika wakati wa raha. Tarehe 8 Oktoba mwaka ule ule Malkia Min alikuwa ameuawa ndani ya kasri kwa mikono ya Wajapani, na mawaziri waliobaki walikuwa wakitawala chini ya jicho la Japani, nchi ambayo wanaume wake walikwisha kuacha mashungi yao tangu miaka ya 1870. Hoja iliyotolewa ni afya na wepesi wa kazi. Mfalme Gojong alikatwa nywele zake, na mwanawe vilevile, kisha askari wakasimama na mikasi kwenye malango ya Seoul wakiwakamata wapitao, hata wakulima wakaogopa kuleta kuni na chakula mjini, na bei za sokoni zikapanda.

Ghadhabu iliyozuka haifahamiki mpaka ikumbukwe kwamba, kwa mafundisho ya Confucius, mwili na ngozi na nywele ni amana ya wazazi, na kuzipunguza ni kuikhini amana. Tena kichwa kitupu kilikuwa alama ya watawa wa Buddha, watu waliodharauliwa hata wakapigwa marufuku kuingia mji mkuu mpaka mwaka huo huo wa 1895. Mwanachuoni Choi Ik-hyeon, ambaye baadaye alifia kisiwani Tsushima akiwa mfungwa wa Wajapani, alitangaza kwamba yu radhi kukatwa kichwa kuliko nywele. Majeshi ya wananchi yakainuka mikoani. Mfalme akatorokea ubalozi wa Warusi tarehe 11 Februari 1896. Na waziri mkuu Kim Hong-jip akauawa na umati wa watu barabarani. Amri ikalegezwa, na kila mtu akaachiwa hiari yake. Nionavyo mimi, hiari hiyo ndiyo iliyoyamaliza mashungi kwa uhakika zaidi kuliko mikasi, kwa maana kijana aliyetaka elimu mpya na kazi mpya alijikatia mwenyewe.

Yaliyofuata chini ya utawala wa Wajapani, kuanzia 1910 mpaka 1945, nayapita. Jenerali Park Chung-hee, aliyetwaa dola ya Korea Kusini kwa mapinduzi ya mwaka 1961, aliupenda uanaume wa kambini, na serikali yake iliwatukuza Hwarang, vijana mashujaa wa ufalme wa kale wa Silla, ambao hata leo chuo cha maafisa wa jeshi jijini Seoul huitwa kwa jina lao. Lisilotajwa sana katika gwaride ni kuwa historia za kale zinawaeleza vijana hao kuwa walichaguliwa kwa uzuri wa sura, wakapakwa poda na kupambwa. Mwaka 1973 serikali hiyo iliingiza nywele ndefu za wanaume katika orodha ya makosa madogo, pamoja na sketi fupi za wanawake, na polisi wakawasimamisha vijana wa magitaa njiani na kuwanyoa papo hapo. Wajukuu wa waliolilia shungi wakaadhibiwa kwa kufuga nywele, na mwenye mkasi alikuwa tena serikali.

Tangu vita vya Korea vya 1950, kijana wa kiume wa Korea Kusini mwenye siha hana budi kutumikia jeshi, na huingia kambini akiwa amenyolewa. Hata Jin, mwimbaji wa kundi la BTS, ambaye uso wake laini umewafundisha mamilioni ya vijana namna nyingine ya kuwa mwanamume, alinyolewa Desemba 2022. Na ni humo jeshini ndimo tamanio lile lililoachwa nje ya hesabu zamani lilimoandikwa sheriani. Sheria za Korea Kusini hazikuwahi kumwadhibu raia kwa kulala na mwanamume mwenzake, lakini sheria ya makosa ya kijeshi ya mwaka 1962 ilimwekea askari adhabu, ambayo leo ni kifungo kisichozidi miaka miwili. Mwaka 2017 wachunguzi wa jeshi waliwasaka askari wa namna hiyo kwa kupekua simu zao. Mahakama ya Juu ikaamua Aprili 2022 kwamba yatendwayo kwa ridhaa nje ya kambi na nje ya saa za kazi si jinai. Mahakama ya Katiba, Oktoba 2023, ikakibakiza kifungu chenyewe kwa kura 5 dhidi ya 4.