Kutoka Cheti hadi Kituo cha Mtihani: Historia ya Upimaji wa Wauguzi wa Kigeni nchini Uingereza, 1919–2021

1.0 Utangulizi

Muuguzi aliyehitimu Nairobi, Manila au Lagos na ambaye anataka kusajiliwa nchini Uingereza hupaswa kuingia katika chumba cha mtihani na kumhudumia mgonjwa asiyeumwa. Mgonjwa huyo ni mwigizaji, na katika baadhi ya vituo ni sanamu ya mafunzo. Mtahini husimama kando akiwa na orodha ya mambo anayotarajia kuyaona na kuyasikia. Huenda muuguzi huyo amekwisha kufanya kazi wodini kwa miaka kumi. Hata hivyo, jina lake haliingii katika rejista ya wauguzi mpaka avuke kituo cha mwisho cha mtihani huo.

Makala haya yanachunguza namna utaratibu huo ulivyofikiwa. Yanaonesha kuwa katika kipindi cha takriban miaka mia moja, Uingereza imempima muuguzi wa kigeni kwa njia tatu: kwa cheti chake, kwa muda wake wodini chini ya usimamizi, na kwa mtihani wa vitendo. Hoja kuu ni kwamba njia ya tatu ilipunguza uonevu uliojitokeza katika njia ya pili, lakini wakati huohuo ilimtwika muuguzi mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya mzigo wa kuthibitisha ujuzi wake.

2.0 Kipindi cha Vyeti

Usajili wa wauguzi kwa mujibu wa sheria haukuanzia Uingereza. New Zealand ilipitisha sheria yake ya usajili mwaka 1901, ilhali Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1919, baada ya mvutano wa miongo mitatu ulioongozwa na Ethel Gordon Fenwick. Sheria ya mwaka 1919 iliunda Baraza Kuu la Uuguzi la England na Wales, na rejista ilipofunguliwa mwaka 1921 jina la Fenwick ndilo lililotangulia.

Sheria hiyo ilizingatia pia wauguzi waliotoka katika himaya ya Uingereza. Muuguzi aliyesajiliwa katika nchi ya himaya aliweza kukubaliwa iwapo viwango vya mafunzo vya nchi yake vililingana na vya Uingereza na iwapo nchi hiyo nayo iliwakubali wauguzi wa Kiingereza. Kwa maneno mengine, kilichopimwa hakikuwa mikono ya muuguzi bali mfumo uliomfundisha. Mabaraza yalipimana yenyewe kwa yenyewe, na muuguzi alisafiri na karatasi yake. Utaratibu huo uliwafaa zaidi wauguzi wa makoloni ya walowezi, ambayo yalikuwa na sheria za usajili mapema. Makoloni ambayo hayakuwa na rejista inayotambuliwa hayakuwa na cha kubadilishana.

Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanzishwa tarehe 5 Julai 1948, hospitali zilikuwa na upungufu mkubwa wa wafanyakazi. Vijana wengi kutoka visiwa vya Karibiani, Afrika na Asia waliitwa kwenda kusomea uuguzi hukohuko Uingereza. Hapa tatizo la cheti lilijitokeza kwa sura nyingine. Kulikuwa na ngazi mbili za mafunzo: ya miaka mitatu, iliyompa mhitimu hadhi ya muuguzi msajiliwa wa dola, na ya miaka miwili, iliyompa hadhi ya chini ya muuguzi mwandikishwa. Wengi kutoka makoloni walielekezwa kwenye ngazi ya pili bila kuelezwa tofauti hiyo. Baadhi yao waligundua baadaye kuwa cheti hicho hakikutambuliwa kikamilifu katika nchi walizotoka. Kwa hiyo, hata katika kipindi cha vyeti, karatasi haikuwa kipimo cha haki kwa kila mtu.

3.0 Kipindi cha Usimamizi Wodini

Kwa miongo mingi, wanafunzi wa uuguzi wa Uingereza walifanya mtihani wa dola uliokuwa na sehemu ya maandishi na sehemu ya vitendo. Katika miaka ya 1970, sehemu ya vitendo ilihamishiwa wodini: mwanafunzi alipimwa akiwa kazini, akigawa dawa au akisafisha kidonda cha mgonjwa halisi. Msingi wa mabadiliko hayo ulikuwa kwamba uuguzi huonekana vizuri zaidi pale unapotendeka. Wakati huohuo, maelekezo ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1977 yaliwawezesha wauguzi wa nchi wanachama kutambuliana vyeti bila kupimwa upya. Waliotoka nje ya Ulaya hawakupata nafasi hiyo.

Muuguzi wa nje ya Ulaya alitakiwa kufanya kazi kwa miezi kadhaa chini ya msimamizi, ambaye mwishoni alithibitisha kwa saini yake kuwa muuguzi huyo anafaa. Utaratibu huu ulitumika kwa upana mwanzoni mwa karne ya 21. Katika mwaka wa 2001/2002 pekee, zaidi ya wauguzi 15,000 kutoka nje ya Ulaya waliingizwa katika rejista, wengi wao wakiwa Wafilipino.

Ubora wa njia hii ulikuwa kwamba muuguzi alionekana kwa muda mrefu na katika kazi halisi. Udhaifu wake ulikuwa kwamba hatima yake iliwekwa mikononi mwa watu wachache. Utafiti uliofanywa kwa niaba ya Royal College of Nursing na kutolewa mwaka 2003 ulieleza malalamiko ya wauguzi wa kigeni kuhusu kudharauliwa na ujuzi wao kutothaminiwa. Katika baadhi ya nyumba binafsi za kulelea wazee, wauguzi waliobobea walifanyishwa kazi za wahudumu wasaidizi, na wengine walitozwa fedha ili kupata nafasi ya usimamizi. Ilikuwa vigumu kwa muuguzi wa namna hiyo kulalamika, kwa sababu mtu aliyelalamikiwa ndiye aliyeshika kalamu ya kutia saini.

Mwaka 2005 Baraza la Uuguzi na Ukunga (NMC), lililoanza kazi mwaka 2002, lilianzisha programu maalumu kwa wauguzi wa kigeni iliyojumuisha siku 20 za masomo, pamoja na kipindi cha usimamizi kwa waliokihitaji. Masharti yalikaza, ajira za ndani zikapungua, na kufikia mwisho wa muongo huo idadi ya wauguzi walioingia kwa njia hii ilikuwa imeshuka chini ya 1,000 kwa mwaka.

4.0 Kuingia kwa Mtihani wa Vitendo

Mtihani wa vituo, unaojulikana kwa ufupisho wa OSCE, haukubuniwa kwa ajili ya wauguzi wala wageni. Ulibuniwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, ambao walichapisha maelezo yake mwaka 1975 wakilenga wanafunzi wa udaktari. Nia yao ilikuwa kuondoa bahati katika upimaji. Katika mtihani wa zamani, mwanafunzi mmoja aliweza kupewa mgonjwa rahisi na mwingine mgonjwa mgumu, kisha kila mmoja akahukumiwa na mtahini mwenye vigezo vyake. Harden alipendekeza kuwa wanafunzi wote wapitie vituo vilevile, kwa muda uleule na kwa orodha ileile ya alama.

Mwaka 2013 ripoti ya Robert Francis kuhusu vifo na uzembe katika hospitali ya Stafford iliamsha upya mjadala wa uchache wa wauguzi. Hospitali zilianza tena kutafuta wauguzi ng'ambo. Oktoba 2014 NMC iliachana na programu ya awali na kuanzisha mtihani wenye sehemu mbili: wa kompyuta, unaofanyika katika nchi mbalimbali, na OSCE, unaofanyika Uingereza pekee, ambao ulianzia Chuo Kikuu cha Northampton. Mwanzoni ulikuwa na vituo sita. Mwaka 2021 vikaongezwa kuwa kumi. Vinne kati ya hivyo humfuata mgonjwa mmoja kuanzia tathmini ya hali yake, mpango wa huduma, utekelezaji, hadi makabidhiano. Vingine hupima stadi kama vile kuchoma sindano au kutoa mpira wa mkojo, na viwili hujibiwa kwa maandishi.

5.0 Mjadala: Ni Nini Kinachopimwa?

Ni dhahiri kwamba OSCE iliondoa kalamu mikononi mwa msimamizi mmoja. Orodha ya alama haimjui mtahiniwa, haimdai fedha za pembeni, wala haimpangi zamu za usiku kwa kumkomoa. Hata hivyo, orodha hiyo imeandikwa kwa lugha ya wodi za Uingereza. Mtahiniwa hutarajiwa kujaza chati ya taifa ya dalili za hatari, iliyozinduliwa mwaka 2012 na kuboreshwa mwaka 2017. Hutarajiwa pia kusema kwa sauti anachokifanya: kwamba amekagua jina la mgonjwa, kwamba ameuliza kuhusu mzio, kwamba mikono yake ni safi. Muuguzi aliyezoea wodi yenye wagonjwa wengi na vifaa vichache, ambako mkono hutangulia na maneno hufuata, anaweza kutenda sawasawa na bado akapoteza alama kwa kunyamaza. Ndiyo maana maandalizi ya mtihani huu huchukua wiki kadhaa, na sehemu kubwa ya maandalizi hayo si kujifunza uuguzi bali kujifunza namna ya kuuonesha.

Suala la pili ni mahali na gharama. Mwaka 2021 ada ya jaribio moja la OSCE ilikuwa pauni 794. Waajiri wengi wa hospitali za umma hugharimia jaribio la kwanza, lakini baadhi ya mikataba humtaka muuguzi arejeshe gharama akiondoka mapema. Idadi ya majaribio katika ombi moja ina kikomo. Kwa kuwa mtihani hufanyika Uingereza tu, anayeshindwa huwa amekwisha kuacha kazi yake ya awali na kuvuka bahari, na viza yake imefungamanishwa na matokeo.

Kwa Afrika Mashariki, suala hili lilipata uzito mpya Julai 2021, Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano ya ajira ya wahudumu wa afya. Baadaye mwaka huo Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alieleza hadharani kuwa kati ya wauguzi takriban 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliofaulu. Hao walikuwa watu waliosoma uuguzi kwa Kiingereza na kuandika ripoti za wagonjwa kwa lugha hiyo kila siku. Mataifa mawili yalikwisha kukubaliana, lakini makubaliano yao hayakugusa swali la kipimo, ambalo lilibaki juu ya muuguzi mmoja mmoja.

6.0 Hitimisho

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia iliyojadiliwa inaonesha kuwa mwenyeji amepona mara nyingi, na kila mara amebadilisha namna ya kumkagua mgeni mlangoni. Cheti kilipima nchi, saini ilipima uhusiano wa muuguzi na msimamizi wake, na kituo cha mtihani hupima utendaji wa dakika chache. Kurudi kwenye saini ya msimamizi kungekuwa kurudisha uonevu uliokwisha kujulikana. Lakini mtihani wa vitendo nao utakuwa wa haki zaidi ukitenganisha kosa linalomhatarisha mgonjwa na ugeni wa desturi za wodi, na ukifanyika kabla muuguzi hajaacha kazi yake na kuvuka bahari. Mabaraza ya uuguzi ya Afrika Mashariki, ambayo katika mfumo wa mwaka 1919 hayakuwa na nafasi mezani, sasa yana rejista, mitaala na mitihani yake. Katika makubaliano yajayo, swali la nani apime, wapi na kwa gharama ya nani linastahili kuulizwa kabla ya swali la idadi ya watakaoondoka.