Kutoka Jinja 1954 hadi Mbale 2022: Mwanahistoria na Ukurasa wa Wavuti

Malkia Elizabeth II alipofungua bwawa la Owen Falls mjini Jinja mwaka 1954, habari hizo zilichapishwa magazetini. Gazeti likishachapwa halibadiliki; mtafiti wa leo akilipata, anasoma kile kile alichosoma msomaji wa siku ile.

Mafuriko ya Mbale ya mwishoni mwa Julai 2022 yana sura nyingine. Mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika, habari nyingi zilitolewa kwenye intaneti, na idadi ya waliofariki ilibadilika siku hadi siku. Ukurasa wa wavuti unaweza kurekebishwa au kufutwa. Hivyo, mwanafunzi aliyenakili anwani yake tu anaweza kupoteza ushahidi wa kilichojulikana, na lini kilijulikana.

Hapa ndipo programu za kutunza marejeleo zinapofaa. Zotero, iliyotolewa mwaka 2006 na Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, huhifadhi nakala ya ukurasa wenyewe pamoja na tarehe uliposomwa. Hata hivyo, nafasi ya bure kwenye seva yake ni MB 300, na picha za nyaraka huijaza upesi. Njia nafuu ni kuiachia seva taarifa za marejeleo peke yake, mafaili yakae kwenye kompyuta, na nakala ya pili kwenye diski ya nje.

Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda kwa siku kadhaa. Anwani hazikufunguka, faili lililokuwa kwenye kompyuta lilisomeka.